Gari Lenye Kikohozi

"Lile gari nimempa Rowena," mama alisema kwenye simu, kama mtu anayesema amempa mwenzake kikombe cha chai.

Lorna alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Gari gani, mama?"

"Kwani nina magari mangapi? Buick langu. Mumewe na watoto wanatua Winnipeg Jumamosi. Miaka yote hiyo hajawatia machoni! Nikamwambia, wewe huendi kupokea watoto wako kwa gari la kuomba, utakwenda na lako. Atakuja kulichukua Jumamosi asubuhi. Sahihi nimeshatia."

"Ungeniuliza kwanza, mama."

"Nikuulize nini? Wewe si unalo lako?" Kisha sauti ya kizee ikalegea. "Nimemwambia liko tayari, mwanangu huliwasha kila Jumapili, nalisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Akalia, mtoto wa watu. Analia huku ananifunga viatu."

"Sawa, mama," Lorna akasema. Akaweka simu mezani, akabaki anatazama kiazi kilichomenywa upande mmoja.

Ukweli ni kwamba gari lile halikupata kuwashwa hata Jumapili moja. Lilikuwa limelala bandani, ubavuni mwa mashine ya kuvunia iliyokufa zamani, tangu siku Lorna alipompeleka mama yake kwenye nyumba ya wazee mjini Dauphin, ambako Rowena ni mhudumu. Alimpeleka kwa gari hilohilo. Alimwambia ni kwa baridi hii tu, theluji ikiyeyuka utarudi. Theluji imeyeyuka mara tatu tangu hapo, na mama, bibi Olga Hnatiuk, hakuuliza hata siku moja atarudi lini. Aliuliza habari za gari tu.

Jumapili ya kwanza Lorna alikuwa na nia njema kabisa. Lakini theluji ilikuwa imerundikana mlangoni mwa banda hadi kifuani, na baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope. Mama yuko kwenye simu anasema, "Liwashe nilisikie." Nje ya dirisha la jikoni pikapu ya Wes, mumewe, ilikuwa inanguruma, inapashwa moto kabla ya kwenda kanisani. Pikapu ya dizeli, kuukuu, mlio wake kama mawe ndani ya pipa. Lorna akafungua dirisha, akanyoosha mkono wenye simu.

"Mbona linakohoa hivyo?" mama akauliza.

"Baridi, mama."

"Maskini. Lipe muda, usilikimbize."

Jumapili ya pili mlango wa banda ulikuwa umeshafukuliwa. Lorna akafungua dirisha. Hapo tena ikawa mazoea. Mama naye akazoea, akawa anatoa maoni: leo kifua si kibaya, leo limekabwa, linunulie mafuta mazuri. Na Lorna, aliyekaa mwendo wa nusu saa tu kutoka kwenye kile kitanda, akawa anajiambia kwamba Jumapili ya mama ameshaitimiza.

*

Kesho yake, Wes akiwa kazini kwenye maghala ya nafaka, Lorna aliingia bandani peke yake. Panya walikuwa wamepita, lakini si sana. Mama alikuwa ametupia vidonge vya kufukuzia nondo na panya kila pembe kabla hajaondoka, kama mtu anayejua anakwenda kukaa. Lorna akafungua kifuniko cha tangi, akainamisha pua. Haikuwa harufu ya petroli. Ilikuwa harufu ya vanishi ya milango, kali, chungu, inayokaa kooni.

Alipaswa kusimama hapohapo. Badala yake akafunga kifuniko upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Akatia betri ya trekta, akapiga stata. Gari likalia. Akapiga tena. Akapiga mpaka nyaya zikawa moto mkononi. Mwishowe likashika kidogo, likatoa moshi, likakohoa. Safari hii lilikohoa kweli, lenyewe. Likazima, na baada ya hapo hata kulia likakataa.

Wes alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Umelipiga stata sana?"

"Kidogo."

"Kidogo! Stata inanuka kama nywele za kuungua." Akanusa tangi, akarudi nyuma. "Mama wee. Hii si petroli, hii gundi. Na wewe umeshaivuta mpaka huko kwenye nozeli za injini. Kwa nini hukuningoja?"

"Nilitaka liwake kabla hujaja."

"Kwa nini?"

Hapo ikabidi amwambie. Alimwambia habari ya dirisha na simu, akiwa ametazama sakafu. Wes akavua kofia.

"Kumbe! Baridi yote ile unafungua dirisha, nikadhani ni yale majoto yenu ya umri. Nikasema moyoni, mwache mke wangu apoe." Alicheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. "Yaani umemsikilizisha mama yako pikapu yangu miaka yote hii?"

"Usinisute, Wes. Nimeshajisuta."

"Sikusuti. Lete ndoo. Hiyo unayokalia."

Alitandika katoni, akajisukuma chini ya gari, akafungua bomba la mafuta karibu na chujio. Mama alikuwa mtu wa kujaza tangi hadi juu kila mwaka kabla ya baridi, kama wakulima wote wa pale, ili mvuke usipate pa kukaa. Kwa hiyo uchafu ulikuwa tele. Ulitoka mweusi kwanza, kama chai iliyosahauliwa motoni. Ndoo ya pili ilipofika nusu, Wes akaanza kutikisika huko chini, buti zake tu zinaonekana.

"Nini? Umeumia?"

"Tazama rangi! Tazama rangi, Lorna!"

Lorna akainamia ndoo. Chini ya ule weusi palikuwa na wekundu wa zambarau kama bitiruti, umefifia lakini hauna kificho. Ilikuwa petroli ya shamba, ile inayouzwa bila kodi na kutiwa rangi ya zambarau, ili ukikamatwa nayo barabarani usiwe na la kusema. Ni ya matrekta. Mama yake, aliyemfuata kasisi hadi mlangoni kumwambia mahubiri yake yana maji, alikuwa anakwenda kanisani miaka yote kwa petroli ya trekta.

"Bibi Olga!" Wes akasema, machozi yanamtoka. "Na mimi alininunia mwezi mzima kwa sababu nililipa senti pungufu dukani!"

Lorna alicheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu simu ile. Lakini kicheko hakikumfaa kitu. Mama alikuwa ameiibia serikali, yeye alikuwa amemwibia mama.

Tangi lilipokauka, akachukua dumu, akaelekea nje.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Kuchota ya kujazia."

"Wapi?"

Lorna akasimama. Miguu ilikuwa imeshamfikisha nusu ya njia kuelekea tangi la shamba, lile lililo juu ya vyuma nyuma ya ghala. Hakuwa ameamua. Miguu ya nyumba ile ilikwenda huko yenyewe, tangu alipokuwa msichana.

"Mama yako akisimamishwa na ya zambarau," Wes akasema taratibu, "ofisa wa barabarani ni mtoto wake wa ubatizo, atamsalimia tu. Rowena akisimamishwa, na watoto wamo ndani, siku yao ya kwanza nchini?"

Lorna akageuza dumu upande wa gari lake.

"Nitakwenda mjini asubuhi," akasema. "Na chujio nitanunua."

*

Lorna alimwona Rowena alipokuwa anatoka dukani, Ijumaa, theluji nyepesi ya mwanzo inapepea. Mwanamke mfupi mwenye koti la kijani anatembea pembeni ya barabara, kichwa kimeinama, mfuko mikononi. Ametoka zamu ya usiku. Lorna alitamani sana kupita tu. Akasimamisha gari.

"Dada Lorna!" Rowena alijikung'uta theluji kabla ya kuingia, akakaa nusu ya kiti. "Viatu vyangu vina tope, nitakuchafulia."

"Ingia vizuri, bwana. Umechoka."

"Leo sichoki. Kesho, dada!" Akacheka, akaziba mdomo. "Sijalala siku ngapi sijui. Yule mdogo nilimwacha hajajua kutembea. Sasa anauliza kama gari lina dirisha nyuma. Nikamwambia lina madirisha mawili, chagua. Wamegombana na dada yake, kila mtu anataka la kulia."

"Na kama... gari likileta matata siku yenyewe? Hakuna wa kuwapeleka?"

"Alikuwepo mwenzangu wa kazini. Nimemwambia asijisumbue, akaenda kumwona mamake." Alimgeukia. "Lakini matata gani? Lako si la kuleta matata. Kila Jumapili Bibi hunisimamisha. Hata kama nina mtu bafuni ananingoja. 'Njoo usikie.' Ananiwekea simu sikioni. Mimi magari siyajui, dada. Nasema ndiyo Bibi, zuri hilo. Lakini moyoni nasema, huyu mtoto anampenda mama yake. Baridi ile yote, anatoka nje kwa ajili ya kitu mama yake hataki kife."

Lorna alishika usukani kwa mikono miwili.

"Bibi anasema usingekuwa ubaya wa barabara ungekuja kila wiki," Rowena aliendelea, bila ubaya wowote. "Anakutetea kwangu, kana kwamba nimesema kitu. Mimi sijasema."

Nyuma ya kiti dumu liligonga dumu. Rowena akageuka.

"Na hicho kiboksi?"

"Chujio la mafuta. La... gari lako."

"Limeharibika?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Barabara tupu, watu wawili, hakuna wa kusikia.

"Hapana," Lorna akasema. "Ni kulisafisha tu kabla ya safari."

"Mungu akubariki," Rowena akasema. Na alimaanisha, hilo ndilo lililouma.

*

Chujio jipya liliingia, plagi zikasuguliwa, betri ikachajiwa upya, petroli safi ikamiminwa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama nyuma ya ghala Wes alipomwambia aingie ndani ya gari.

"Swichi tu. Usipige stata, tusikie pampu kwanza. Zima. Tena. Zima. Sasa piga."

Likalia tupu. Likalia tena. Mara ya tatu likashika, likatetemeka lote, likatapika moshi mweupe uliojaza banda na ile harufu ya vanishi. "Usiachie!" Wes akapiga kelele. "Likanyagie kidogo kidogo, liteme!" Lilitema. Moshi ukawa mwepesi, mtetemo ukatulia, na mwishowe gari la Olga Hnatiuk likabaki linavuma polepole, laini, kama friji ya jikoni.

Wes alilizungusha uani, akalipeleka mpaka barabara kuu na kurudi, akaegesha. Lorna, aliyehamia kiti cha abiria, alibaki amekaa. Kiti kile kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho. Yeye ndiye aliyekisukuma siku ile, ili mama apate pa kuweka sanduku miguuni, maana mama alikataa liwekwe kwenye buti la gari. Alisema sanduku la siku chache halihitaji kuwekwa buti.

"Haya," Wes akasema. "Sasa mpigie mama umweleze."

"Nimweleze nini? Limewaka. Yamekwisha."

"Kama yamekwisha mbona hushuki?"

*

Jumamosi Rowena alifika mapema, ameletwa na jirani aliyekuwa na haraka. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Mkononi alibeba makoti mazito ya baridi, mapya, bado yana vibandiko: moja kubwa, mawili madogo. Akalitazama gari lililooshwa, asiliguse.

Simu ikalia kabla hawajasalimiana vizuri. Lorna akaiweka kwenye spika wote wasikie.

"Amefika?" mama akauliza. "Rowena, upo?"

"Nipo, Bibi!"

"Vizuri. Nataka nilikabidhi mimi mwenyewe. Lorna, liwashe nisikie, halafu mpe ufunguo."

Lorna alijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza hakuhitaji dirisha. Aliingia, akawasha, likaitika mara moja. Akafungua boneti, akashika simu juu ya injini, huku anatabasamu peke yake.

"Liwashe basi," mama akasema.

"Linawaka, mama. Ndilo hilo."

"Hilo? Hilo nini, cherehani?"

"Gari lako, mama."

"Lorna, usinifanye mtoto. Gari langu nalijua. Gari langu lina kikohozi tangu baridi ile ya kwanza." Sauti ikapanda. "Rowena! Usipande hilo! Wamekubadilishia! Wanakupa kitu kibovu, langu wamelificha!"

"Mama, tafadhali—"

"Mimi humu ndani nakusifu, Lorna. Wenzangu watoto wao hawapigi hata simu, mimi nakusifu mezani mbele yao. Halafu unamnyang'anya mwanamke kama huyu?"

Rowena alikuwa ameyakumbatia yale makoti kifuani. Alimtazama Lorna, akalitazama gari, akarudi kumtazama Lorna.

Pikapu ilikuwa palepale chini ya dirisha la jikoni. Wes alisimama mlangoni pa pikapu, ufunguo wake mkononi, uso hauna lolote. Hakumwita, hakumkataza. Ingekuwa kitu cha dakika moja: azime hili, awashe lile, mama atulie, Rowena aondoke, kila mtu apate anachotaka. Lorna hata aligeuka. Alipiga hatua. Kisha akasimama kama alivyosimama juzi na dumu.

"Mama. Kile kikohozi ni cha pikapu ya Wes."

Kwenye simu magurudumu ya toroli la chai yalipita, yakaenda zake.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Lako sikuliwasha. Nilikuwa nafungua dirisha la jikoni."

"Hata Pasaka?"

"Hata Pasaka."

"Pasaka nililiimbia, Lorna."

"Najua, mama. Nilisikia."

Lorna akamgeukia Rowena, maana sasa hapakuwa na pa kujificha. "Limewaka juzi... jana. Jana jioni. Mafuta yalikuwa yameoza ndani. Ningekwambia jana njiani, nikaogopa."

Rowena alimsikiliza hadi mwisho. Halafu hakumwuliza yeye, alimwuliza Wes. "Litafika?"

"Litafika. Nimeliendesha. Na mimi nitakuwa nyuma yako mpaka Neepawa, karibu nusu ya njia. Likisita tu, utaniona kwenye kioo."

Rowena akafungua mlango wa nyuma, akalaza makoti kwenye kiti moja baada ya jingine, madogo pande za madirisha, kubwa katikati. Akakaa kwenye usukani, akavuta kiti mbele sana, akafunga mkanda. Hakusema asante. Lorna akampa ufunguo wa akiba kupitia dirishani na vidole vyao havikugusana.

"Bado mpo hapo?" mama akasema.

"Tupo. Anaondoka sasa."

"Asiondoke. Nisogezee."

Lorna akasogeza simu. Mkono ukaanza kufa ganzi kwa baridi. Rowena, ambaye ndege haikuwa ya kumngoja, akaondoa mkono kwenye gia, akangoja.

"Mama?"

"Nyamaza. Bado sijalizoea."

Lilivuma. Baada ya muda mama akasema, "Mwambie akajaze kwa pesa, pale kituoni. Si kwenye tangi letu."

"Nimeshajaza ya barabarani, mama."

"Aa," mama akasema. "Basi mmeona rangi."

Boneti ikafungwa. Gari likatoka getini taratibu, taa ya breki ikawaka mara moja, likashika barabara. Nyuma yake Wes akawasha pikapu, nayo ikaguna, ikakohoa, ikajaza uwanja wote.

"Hilo!" mama akasema kwa haraka, kama mtu aliyeitwa jina lake. "Hilo hapo. Ndilo lile."

"Ndilo, mama."

Wakalisikiliza wote wawili likififia, mpaka ikabaki sauti ya upepo kwenye mabati ya banda.

"Yamekwenda yote?"

"Yote."

"Kesho Jumapili."

"Nitakuja, mama."

"Kwa gari gani?"

"Langu lina... nitakuja na la Wes. Akirudi."

"Barabara si mbaya?"

Lorna alitazama barabara. Ilikuwa nyeusi, kavu, imenyooka hadi inapogusa mbingu.

"Haijawahi kuwa mbaya kiasi hicho, mama."

"Basi nitakusikia ukifika," mama akasema, akakata simu.